Meno ya mfukoni

Najua nimepotea. Vikao vya halmashauri na bei ya mahindi vimenishika kweli kweli. Lakini leo sina siasa, sina mbolea ya ruzuku, wala sina Majimaji. Leo nataka tuongee meno. Tena si meno yako wewe unayesoma huku unatafuna karanga, ni meno ya wale wanaotuita "mwanangu". Wazazi na wazee wetu ambao meno yao ya chini yanakaa mfukoni kuliko mdomoni.

Usicheke kwanza.

Nina baba mkubwa hapa Songea, anaishi Mfaranyaki. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na wengi wa rika langu mtaani kwetu walijifunza kusoma mbele yake. Ana sauti nzito ya kufika mwisho wa darasa bila kupiga kelele, na kwa sababu ya sauti hiyo alikuwa msoma masomo parokiani kwa miaka mingi. Sasa huyu mzee ana meno ya bandia juu na chini. Ya juu yanakaa vizuri kabisa, hana shida nayo. Ya chini yanakaa kwenye mfuko wa koti, yamefungwa kwenye leso. Mgeni akibisha hodi, anageukia ukutani kidogo na kuyavaa. Picha ya harusi anayavaa. Chakula kikifika mezani anayavua. Yaani hayo meno yanafanya kila kazi isipokuwa kutafuna! Wajukuu wameyapa jina, meno ya mfukoni, na yeye mwenyewe huwa anacheka nao.

Lakini kusoma kanisani ameacha. Hakumwambia mtu sababu, na hakuna aliyemuuliza, maana sote tulikuwepo siku ile. Alikuwa katikati ya somo, meno ya chini yakanyanyuka. Akayazuia kwa ulimi, akamaliza sentensi zilizobaki kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Jumapili iliyofuata akakaa benchi la nyuma. Na sherehe nazo zimempungua. Akialikwa anatuma salamu na mchango, mwenyewe anabaki nyumbani na uji wake.

Ndipo nikaanza kuulizia, kwa tabia ya kazi. Nimeuliza madaktari wa meno, nimesoma, nimepiga simu Dar. Nilichokipata nimeona nisikikalie peke yangu.

Swali la kwanza lilikuwa hili: kwa nini ya chini tu? Jibu ni rahisi ukilijua. Meno ya bandia ya juu yana sahani pana inayofunika kaakaa lote. Kati ya sahani na kaakaa kuna mate kidogo, hewa inabanwa nje, basi inashika kama glasi iliyolowa inavyoshika meza. Chini hakuna kaakaa. Kuna ulimi. Kwa hiyo meno ya chini yanatengenezwa kwa umbo la kiatu cha farasi, membamba, yamekaa juu ya ufizi tu, na kila ukiongea, ukimeza au ukipiga mwayo, ulimi unayasukuma kutoka ndani na mashavu na mdomo vinayasukuma kutoka nje. Hayana cha kushikilia. Yanakaa kwa uzoefu wa mwenyewe na kwa kudra.

Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hatuambiwi siku tunapong'olewa. Mfupa wa taya unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Ukiondoa jino na mzizi wake, ule mfupa unakosa kazi na unaanza kuisha taratibu, mwaka hadi mwaka. Mtafiti mmoja, Antje Tallgren, alichapisha mwaka 1972 matokeo ya kuwafuatilia watu wenye meno ya bandia kwa miaka 25. Aliona mfupa hauachi kupungua, na wa taya la chini ulipungua karibu mara nne ya ule wa juu. Sasa fikiria. Meno ya baba mkubwa yalitengenezwa miaka kumi na moja iliyopita. Meno hayajabadilika, ni plastiki. Kilichobadilika ni taya lililo chini yake. Ni kama viatu ulivyonunua ukiwa na miguu, na miguu inazidi kupungua.

Ndiyo maana unaona wazee wengine kidevu kinaisogelea pua na mashavu yanaingia ndani. Tunasema "amezeeka ghafla". Mara nyingi si uzee, ni mfupa umeondoka.

Basi bwana, mwezi wa pili mwaka huu kukawa na kikao cha familia. Kilikuwa cha mambo ya shamba, lakini mtoto wa baba mkubwa anayefanya kazi Dar akaingiza agenda yake. Akasema amesikia kuna dawa ya tatizo la mzee, inaitwa vipandikizi. Kimya kikatanda. Kisha shangazi akauliza taratibu: "Vipandikizi? Shemeji yangu na umri huo, anazuia uzazi wa nani?"

Kile kikao kilichelewa kurudi kwenye agenda, nawaambia!

Tuelewane basi. Kwetu neno hilo limeshachukuliwa na uzazi wa mpango, kwa hiyo hapa nitasema skrubu, maana ndivyo zilivyo. Ni skrubu ndogo za madini ya titaniamu, urefu wa milimita kumi hivi, zinapandwa ndani ya mfupa wa taya. Historia yake nzuri sana. Mwaka 1952, mtafiti wa Kiswidi aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza jinsi damu inavyopita kwenye mfupa. Alipachika kifaa cha titaniamu kwenye mfupa wa mguu wa sungura. Alipomaliza uchunguzi akataka kukitoa kifaa chake akitumie tena, kikakataa. Mfupa ulikuwa umekishika kama sehemu yake. Mtu mwingine angelalamika kifaa kimeharibika. Yeye akajiuliza: kumbe mwili unaweza kukubali chuma hiki?

Mwaka 1965, mjini Gothenburg, akampandia skrubu nne kwenye taya la chini mtu aitwaye Gösta Larsson, ambaye alikuwa na kasoro ya taya na hakuwa na meno chini. Larsson alifariki mwaka 2006, na skrubu zake bado zilikuwa zinafanya kazi. Miaka zaidi ya arobaini! Pamoja na hayo, wataalamu wengi walimpinga Brånemark kwa muda mrefu, hadi mkutano uliofanyika Toronto mwaka 1982 ndipo mlango ukafunguka.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hata mimi nilidhani unapanda skrubu kwa kila jino, yaani kumi na nne chini na bili ya kujenga nyumba. Hapana. Kwa mtu asiye na jino hata moja chini, zinatosha mbili tu. Zinapandwa mbele, mmoja kushoto na mmoja kulia, karibu na pale palipokuwa na yale meno marefu yaliyochongoka, chonge. Daktari anasubiri miezi mitatu hivi mfupa uzishike. Kisha juu ya kila skrubu anafunga kichwa kidogo cha duara, na ndani ya meno ya bandia anaweka kikombe chake. Mzee akivaa meno anayabonyeza, yanaingia "kwa!" kama kile kifungo cha chuma cha kubonyeza kwenye jaketi. Jioni anayavuta mwenyewe, anayaosha, anayaweka kwenye maji, asubuhi anayarudisha. Bado ni meno ya kuvaa na kuvua. Tofauti ni kwamba sasa yana mahali pa kushika.

Mwezi wa tano 2002 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wakatoa tamko kwamba kwa mtu aliyebaki bila meno taya la chini, haya ya skrubu mbili ndiyo yawe chaguo la kwanza, badala ya yale ya kukaa juu ya ufizi peke yake. Soma tena: chaguo la kwanza, si anasa. Waliona tofauti kwenye kutafuna, kwenye starehe na hata kwenye jinsi mtu anavyojisikia mbele za watu.

Nikawaza, hilo tamko lilipotoka mimi nilikuwa mtoto, na hapa Songea bado linasikika kama habari ya sayari nyingine.

Kwa nini? Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na sitaki nikudanganye mpenzi msomaji.

Kwanza fedha. Bei tuliyotajiwa sisi kwenye kliniki za binafsi Dar ilihesabiwa kwa mamilioni kwa kila skrubu, na hapo hujaweka picha za taya, meno mapya, nauli na mahali pa kulala. Pili umbali. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900, unapita Njombe, Iringa, unateremka Kitonga, na mgonjwa ni mzee wa miaka sabini na nne mwenye magoti yake. Kazi hii haiishi safari moja. Kuna safari ya kupima, ya kupanda, ya kurudi baada ya miezi mitatu, na ya kufunga na kurekebisha. Tatu, na hili ndilo watu hawaliulizi: matunzo. Ndani ya vile vikombe kuna vipete vidogo vya nailoni au mpira ndivyo vinavyoshika. Vinalegea kwa matumizi, vinahitaji kubadilishwa kila baada ya muda. Ni kipuri kidogo kabisa, lakini kipuri kikiwa Dar na pikipiki ikiwa Songea, pikipiki inalala. Skrubu yenyewe pia inataka usafi wa kila siku kama jino halisi, la sivyo ufizi unavimba na mfupa unaiachia. Daktari atamuuliza mzee kama anavuta sigara na kama ana kisukari kisichodhibitiwa, maana vyote viwili vinapunguza nafasi ya mfupa kushika vizuri.

Haya tukayaweka mezani. Binamu yangu wa Dar akasema yeye yuko tayari, atakopa. Mwingine wa Mbinga akasema wangoje mauzo ya kahawa. Mwingine akauliza, kwa sauti ya chini lakini tulimsikia wote, kama kuna maana ya kutumia hela yote hiyo kwa mtu wa miaka sabini na nne.

Naomba nisimame hapa kidogo. Swali lile tunaliuliza sana na hatuoni aibu. Mzee akiumwa moyo, hatuulizi. Akivunjika nyonga, tunachanga. Ila meno tunayaweka kundi moja na miwani ya jua, urembo. Wakati mdomo ndiyo mlango wa kila kitu alichobakiwa nacho mzee. Ndipo panapopita chakula, hadithi, sala, salamu na kicheko. Mtu aliyefundisha watoto wetu kusoma kwa sauti amenyamazishwa na kipande cha plastiki, sisi tunapiga hesabu ya miaka aliyobakiza?

Baba mkubwa alikuwa amekaa pale pale, anasikiliza. Meno yakiwa mdomoni, maana kulikuwa na watu. Alipoona mjadala unakuwa moto akainua mkono kama zamani darasani. Akasema, "Mimi yameshakwisha, nisubirini. Kabla hamjanitafutia mimi skrubu, mzuieni kwanza shemeji yangu asing'oe yake."

Shemeji yake ni mama yangu.

Mama amebakiza meno sita chini. Matatu yametoboka, moja linacheza, na mawili yamesimama imara kama nguzo za geti, moja kushoto na moja kulia. Chonge zake. Miezi yote hiyo alikuwa anasema akivuna tu atakwenda hospitali akang'oe yote sita kwa mkupuo avalishwe seti nzima, "yaishe". Tarehe alishapanga. Hakuna aliyemwambia asubiri, kwa sababu kila mtu aliona ni akili. Meno sita mabovu ya nini?

Nikampigia daktari tena, safari hii nikiuliza habari za mama. Jibu lake ndilo limenifanya niandike leo. Alisema zile skrubu mbili za titaniamu zinapandwa mbele, kushoto na kulia, kwa sababu pale ndipo zilipokuwa chonge, na chonge ina mzizi mrefu kuliko meno yote. Kama mtu bado anazo chonge zake mbili na mizizi yake ni mizima, huyo ana skrubu tayari. Amezaliwa nazo.

Kinachofanyika ni hiki. Yale mabovu kabisa yanang'olewa. Chonge haziguswi mzizi. Daktari anatibu mzizi kwa ndani, anaukata ule mwili wa jino uwe mfupi, karibu usawa wa ufizi, anaufunika vizuri usitoboke. Kisha meno ya bandia yanatengenezwa yakae juu ya vile visiki viwili. Havibonyezi kwa nguvu kama skrubu, labda uongeze kifungo chake, lakini vinazuia meno yasiteleze huku na huku, na vinampa mtu hisia ya anachotafuna, kitu ambacho chuma hakikupi. Na kubwa zaidi, mzizi ukiwepo, mfupa una kazi, unabaki. Mwaka 1978 watafiti wawili, Crum na Rooney, walilinganisha watu waliobakiziwa mizizi ya chonge chini ya meno ya bandia na watu waliong'olewa yote. Baada ya miaka mitano, mfupa wa mbele wa taya la chini kwa wale wa kwanza ulikuwa umepungua kwa wastani wa milimita 0.6. Kwa wale waliong'oa yote, milimita 5.2. Tofauti yake ni kama mara tisa hivi!

Wala si mambo mapya. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiza jino moja tu la kwake. Watu husema alivaa meno ya mbao, si kweli, yalikuwa ya pembe na meno ya binadamu. Daktari wake wa meno, John Greenwood, alimtengenezea seti yenye tundu la kupitishia lile jino moja ili lishikilie zilizobaki. Tajiri yule, na jeshi lake lote, alikuwa anategemea jino moja. Sisi tunayo mawili tunataka kuyatupa.

Sasa tuulizane. Hii tabia ya "ng'oa yaishe" tumeitoa wapi? Profesa Emil Kikwilu wa Muhimbili na wenzake wameandika kwa miaka kwamba kwenye kliniki zetu za serikali kung'oa ndiyo tiba inayotolewa kuliko zote. Si kwa sababu madaktari wetu hawajui kuziba. Ni kwa sababu tunafika tumechelewa, jino limeshaoza mpaka mzizini, na mara nyingine tunafika vifaa vya kuziba havipo. Mgonjwa mwenyewe anasema "ng'oa tu daktari", maana maumivu ya wiki mbili hayana subira, na kung'oa ni rahisi na kunaisha siku ile ile.

Kinachoniuma ni kwamba ufundi wa kuokoa jino bila mashine wala umeme ulianzia kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa chuo cha meno Dar es Salaam walianza kusafisha matundu kwa vifaa vya mkono tu na kuyaziba kwa saruji maalumu inayoshika jino na kutoa floraidi. Leo njia hiyo inatumika duniani kote, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji ile kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Dunia imejifunza kutoka kwenye vijiji vyetu namna ya kuokoa jino, sisi wenye vijiji bado tunang'oa.

Na hizi chonge sijui zimetukosea nini. Mtoto mchanga akiharisha na homa, wapo wanaomtazama ufizi, wakiona vimbe nyeupe za chonge wanasema ana "meno ya plastiki" au "ya nailoni", wanampeleka kwa mganga akang'olewe na kitu chenye ncha. Zile si plastiki, ni chonge zake za utotoni bado hazijaota, na chini yake ndiko liliko chipukizi la chonge la ukubwani. Watoto wengine wamekufa kwa kutokwa damu au maambukizi, na wanaopona wanaweza kukua wakiwa na chonge zilizoharibika. Yaani mtu anapozaliwa tunaiogopa chonge, anapozeeka tunaidharau. Na ndiyo nguzo ya mwisho inayobaki mdomoni.

Basi mama alifutilia mbali tarehe yake. Haikuwa rahisi, alinikasirikia siku mbili, akasema watoto wa siku hizi mkisoma kidogo mnataka kumtawala mtu mpaka mdomoni. Kilichomgeuza si milimita zangu. Ni shemeji yake. Baba mkubwa alikuja nyumbani jioni moja, akasalimia, akakaa, akatoa leso mfukoni akaifungua juu ya meza. Hakusema neno. Mama akayatazama yale meno, akajigusa shavu, akaniambia, "Haya, mpigie huyo daktari wako."

Mwezi uliopita manne yameng'olewa. Chonge zote mbili zimetibiwa mizizi, zipo. Sasa anangoja fizi zipone apimwe meno yake. Gharama haikuwa ndogo kwa mkulima, lakini haifikii hata robo ya tuliyotajiwa kwa skrubu. Sharti moja ameambiwa na amelishika: vile visiki lazima avisafishe asubuhi na jioni kwa dawa yenye floraidi na asilale na meno ya bandia mdomoni, la sivyo visiki vitatoboka na tutarudi kule kule.

Na baba mkubwa? Yeye amekubali hatua ya kwanza, kupimwa upya na kutengenezewa seti mpya ya chini inayofuata taya alilonalo sasa, si lile la miaka kumi na moja iliyopita. Anasema haielei sana, anaweza kula ugali na dagaa wa Nyasa nayo mdomoni. Mahindi ya kuchoma bado anatutazama tu. Ya skrubu, binamu wa Dar anaweka akiba na mzee amesema tutaongea baada ya kahawa ya Mbinga kuuzwa. Yule aliyeuliza kama kuna maana, ndiye wa kwanza kutuma mchango.

Kwa hiyo ndugu zangu, msinielewe kwamba nawaambia mkimbilie titaniamu. Nawaomba mambo machache tu. Mzazi wako akisema anakwenda kung'oa yote, mwambie amuulize daktari kwanza: chonge zangu mizizi yake ikoje, kuna mmoja wa kubakiza? Ni swali la bure. Kama meno yake ya bandia ya chini yanaelea, yapimwe upya, asilaumiwe kwamba hajui kuyavaa. Kama mfuko wa familia unaruhusu skrubu, ulizeni mapema nani atabadilisha vile vipete na wapi, kabla hamjalipa. Na wewe kijana mwenye jino linalouma ukitafuna kitu cha baridi, kazibe mwezi huu. Usiku likikukesha, ujue umeshachelewa.

Halafu kuna moja ambalo halihitaji hela. Siku ukiwa umekaa na mzee wako mezani, tazama anakula nini na anaacha nini. Tazama kama anaziba mdomo kwa mkono akicheka. Muulize. Wengi hawatakuambia mpaka uulize, na wengine wameshazoea kusema hawana njaa.

Ni hayo tu kwa leo. Mbarikiwe, na Jumapili njema kutoka Songea. Baridi ya Matogoro inawasalimu!